Usiiache Linux kwa Sababu ya Bando

Mdogo wangu wa chuo, nimesoma swali lako. Kompyuta mpakato yako ya mtumba umeiwekea Linux Mint, muuza modemu amekuambia bila Windows huambulii kitu, na bando la wiki linakata kabla ya Jumatano. Sasa unafikiria kurudi ulikotoka. Nakuomba usirudi, na usinunue chochote kwanza.

Modemu unayo mkononi. Ni simu yako ya Android. Ichomeke kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hotspoti, uwashe kugawa intaneti kwa USB. Kwa kawaida Linux huitambua yenyewe bila kusakinisha kitu. Mimi naipendelea kebo kuliko hotspoti kwa sababu simu inachaji huku unafanya kazi, na hakuna jirani wa hosteli atakayedandia bando lako.

Na kama modemu lazima uinunue, nenda dukani na kompyuta yako, uijaribu kabla ya kutoa hela. Modemu nyingi zikichomekwa hujitambulisha kama CD yenye programu za Windows. Kwenye Linux kuna programu ndogo iitwayo usb_modeswitch inayozigeuza ziwe modemu. Kwa hiyo aliyekuambia haiwezekani kabisa hakukuambia ukweli wote.

Tuje kwenye bando. Barua pepe ya maandishi matupu ni kilobaiti chache tu. Vinavyolimaliza bando ni masasisho, video zinazojicheza zenyewe na mafaili yanayopakiwa kimyakimya kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mint hukuarifu kwamba kuna masasisho, lakini isipokuwa umeiagiza ijifanyie yenyewe, hukusubiri uyakubali. Yakubali ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo. Usiyapuuze moja kwa moja, maana ndiyo yanayoziba mianya ya wadukuzi. Kwenye Firefox, zuia video kujicheza. Na ninyi mnaotumia Ubuntu badala ya Mint, fungueni mipangilio ya mtandao mnaotumia, mweke alama kwamba una kikomo cha data.

Kwa barua pepe, tumia Thunderbird. Ni ya bure, na hulazimiki kupakia ukurasa mzima wa kivinjari kila unapotaka kuona kama mhadhiri amejibu. Ila mwanzoni huwa imepangwa kushusha barua zote na kuzihifadhi kwenye kompyuta. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, uondoe alama hiyo, au uiambie isishushe barua zinazozidi ukubwa unaoutaka. Andika barua zako ukiwa nje ya mtandao, kisha washa data uzitume zote kwa mkupuo. Picha zipunguze kwanza, kwa sababu kiambatisho kikiingia kwenye barua pepe huongezeka kwa karibu theluthi moja: picha ya megabaiti 3 husafiri ikiwa kama 4.

Akaunti ya Gmail ya bure ina gigabaiti 15, na inafanya kazi vizuri na Thunderbird. Proton Mail inalinda siri zako vizuri, lakini ukitaka kuisomea ndani ya Thunderbird itabidi ulipie. Ya bure utaisomea kwenye kivinjari au kwenye programu ya simu.

Mwisho, uliza kitengo cha kompyuta cha chuo chako kama wamejiunga na eduroam. Kama wamo, akaunti ya chuoni inakufungulia Wi-Fi hata ukitembelea chuo kingine kilichojiunga, na Linux inaunganishwa kama mifumo mingine. Nenda na kompyuta, waombe maelekezo ya Linux yaliyo rasmi, wala usione haya. Huduma hiyo ni haki yako.

Wiki hii, kabla hujanunua bando jingine, fanya mambo mawili: chomeka simu kwa kebo, kisha rekebisha Thunderbird. Halafu niandikie uniambie bando limefika siku gani.

Dada yako