Mbegu za Mkahawa Chotara: Siri Iliyomo Ndani ya Buni



Katika vyama vyetu vya miteremko ya Mlima Meru swali hili huulizwa kila msimu wa kupanda: ikiwa mkahawa chotara wa jirani umestahimili chulebuni, kuna ubaya gani kuokota buni zake na kuziotesha kitaluni? Jibu limo ndani ya chembe hai za mti wenyewe, na elimu ya biokemia imetuwezesha kulifahamu.

Chulebuni huletwa na ukungu (si ule wa asubuhi mlimani) uitwao Colletotrichum kahawae. Ulionekana magharibi ya Kenya mwaka 1922, ukafika Tanzania katika miaka ya 1960. Hupenda baridi na unyevu, nao hushambulia buni zikingali changa. Hutoboa ngozi ya buni na kuingia katika chembe zake. Katika mti dhaifu haukuti kizuizi: doa jeusi hudidimia, buni hukauka au hudondoka. Katika mti wenye ukinzani, chembe zilizo jirani na jeraha hujenga ukuta mgumu mfano wa kizibo cha chupa, na adui hufungiwa humo.

Amri ya kujenga kinga hiyo hutoka katika jeni. Mwaka 2008 watafiti wa Kenya walitangaza alama za vinasaba zilizo karibu na jeni moja ya ukinzani, Ck-1, iliyotokana na Hibrido de Timor, chotara wa asili wa arabika na robusta. Kwa alama hizo, jani la mche laweza kupimwa maabara pasipo kungoja mti uzae.

Sasa turudi kitaluni. Miche ya vikonyo ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, Lyamungu, hutokana na vipande vya mti mama. Hivyo hurithi jeni zake zote. Mbegu sivyo. Wazazi wa chotara hawafanani, na kila mbegu hupata fungu lake kwa bahati. Kitaluni miche hiyo huweza kufanana kabisa. Tofauti hudhihirika buni zinapotoka, baada ya miaka ya palizi na samadi. Mwandishi wa somo hili aliwahi kujaribu, akarudia kununua mrututu kama zamani.

Kwa hiyo Katibu aandike katika daftari la kitalu aina ya kila mche na mahali ulikotoka, na miche ya mbegu itengewe tuta lake.