Hatulii Tangu Achomwe Sindano

Chakula cha usiku kimeandaliwa mkekani. Kijana anakaa, anamega tonge la ugali, anainuka. Anakwenda hadi mlangoni, anarudi, anakaa kalio moja huku goti likitikisika mpaka mchuzi unacheza kwenye bakuli. Anainuka tena. Saa tano usiku bado yuko uani, anatoka karoni hadi banda la kuku, banda la kuku hadi karoni. Mama anamchungulia dirishani, kisha anamgeukia mumewe: "Ugonjwa umerudi." Asubuhi wanampeleka kliniki. Foleni ni ndefu, maelezo ni mafupi, "hatulii, daktari", na dozi inaongezwa. Wiki inayofuata hata hilo tonge moja halimegi.

Hakuna aliyeuliza sindano ilichomwa lini. Ilikuwa siku nne kabla.

Hali hii madaktari huiita akathizia, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kutoweza kuketi. Jina hilo alilianzisha Ladislav Haškovec, daktari wa Prague, mwaka 1901, nusu karne kabla dawa za skizofrenia hazijapatikana. Tangu klopromazini, ambayo wengi huijua kwa jina la Largactil, ilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili kule Paris mwaka 1952, akathizia imekuwa mojawapo ya adha kubwa za dawa hizi. Huwapata zaidi wanaotumia dawa za zamani kama haloperidoli na sindano ya flufenazini, ile ya kila mwezi, ingawa dawa mpya nazo hazijasalimika.

Ubaya wake ni kwamba inafanana mno na ugonjwa wenyewe. Mtu anahangaika, halali, anakuwa mkali, anajibu mkato. Na mtu akishatajwa na Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, hata akicheka kwa sauti watu hutazamana. Kila anachofanya kinasomwa kama wazimu, kwa hiyo dawa haishukiwi. Nyumba nyingine humtafutia maombi, nyingine humfunga kamba. Kumfunga mtu mwenye akathizia ni kumtesa, kwa maana kutembea ndiko kunakompunguzia.

Utaitofautishaje na ugonjwa? Muulize yeye mwenyewe, kwa upole, akiwa hajazungukwa na watu: unasikia nini mwilini? Mwenye akathizia kwa kawaida analalamikia miguu, au moto wa ndani kwa ndani unaomsukuma ainuke, na anatamani mtu amwondolee. Anayerudiwa na saikosisi huwa na maelezo mengine: sauti zimeanza tena, majirani wanamfuatilia, redio inamsema. Wapo wenye yote mawili, kwa hiyo usijifanye daktari. Lakini tazama kalenda. Akathizia mara nyingi huanza siku au wiki chache baada ya kuanza dawa, kuongezewa dozi au kubadilishiwa. Mtu aliyekuwa ametulia, akachomwa sindano Jumatatu, na Ijumaa hakaliki, hiyo ni habari ambayo daktari lazima aisikie kabla hajagusa kalamu.

Dawa hizi hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kupeleka ujumbe. Mwaka 2000 timu ya Shitij Kapur, Toronto, ilipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakinywa haloperidoli. Nafuu iliongezeka vipokezi vilipozibwa zaidi ya asilimia 65. Vilipovuka asilimia 78, adha za misuli na kutotulia nazo zikaongezeka. Pengo lenyewe ni hilo, jembamba. Wagonjwa wale walianzishiwa miligramu 1 au 2.5 tu kwa siku. Linganisha na kinachoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa wako, kisha muulize daktari bila woga: dozi hii haiwezi kupunguzwa?

Kupunguza dozi taratibu ndiyo hatua ya kwanza inayofikiriwa, au kubadilisha dawa. Propranololi, inayojulikana zaidi kama dawa ya presha, huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Mwenye pumu asipewe. Artane, kile kidonge kinachotolewa pamoja na dawa nyingi za akili, inafaa shingo ikipinda au taya ikikaza, ila kwa akathizia haina nguvu ya kutegemewa, na ikizidi inavuruga kumbukumbu na hata kumfanya mtu aone visivyokuwapo. Na sindano ya mwezi ikishaingia haitolewi. Inabaki mwilini wiki kadhaa. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mtu asichomwe sindano ya muda mrefu kabla hajajaribiwa kwa vidonge vya dawa hiyohiyo akaonekana anaihimili.

Iko adha nyingine ambayo haipigi kelele. Mtu anakaa kwenye kiti tangu asubuhi, hacheki, halii msibani, mpira aliokuwa akiufia haumhusu tena. Nyumbani tunafurahi: "Siku hizi ametulia." Utulivu huo huenda ni ugonjwa wenyewe, maana skizofrenia nayo huua hamu, huenda ni sonono, na huenda ni dawa imezidi ikamganzisha moyo. Namna ya kutibu kila kimoja ni tofauti, hivyo kimya chake kitajwe kliniki kama ambavyo fujo zake zingetajwa.

Nyingine ni za kushangaza. Klozapini, dawa inayowafaa wengi walioshindikana kwa dawa nyingine, huwaletea baadhi ya watu mawazo ya kujirudia: kunawa mikono mara ishirini, kurudi kukagua kufuli lilelile. Aripiprazoli imewahi kuwasukuma watu kwenye kamari na manunuzi yasiyozuilika. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2016. Kijana ambaye hakuwa na habari na kubeti, akaanza kuuza simu ili abeti baada ya kubadilishiwa dawa, msimgombeze kabla ya kuuliza. Sigara nayo ina mambo yake. Moshi wa tumbaku huharakisha kuondoka kwa klozapini na olanzapini mwilini, kwa hiyo mvutaji aliyelazwa wodini akaacha ghafla anaweza kuonekana mzito, analala mchana kutwa, kumbe kipimo kilekile sasa kinamzidi.

Hakuna hata moja kati ya haya linalomruhusu mtu kutupa vidonge. Anayeacha ghafla hukosa usingizi, huingiwa na wasiwasi, na mara nyingi saikosisi hurudi kwa kishindo. Lakini kumwambia "vumilia tu" ndiyo njia ya haraka ya kumfanya aache kwa siri, akificha kidonge chini ya ulimi.

Nunueni daftari dogo. Andikeni tarehe ya sindano au ya kubadilishiwa dawa, siku aliyoanza kuhaha, amelala saa ngapi, na alichosema kwa maneno yake mwenyewe. "Miguu inanidai" ina thamani kuliko "anasumbua". Mpeni daktari alisome kabla hajaandika dawa. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa ni dharura, mkimbizeni hospitali. Na mwenye akathizia akisema heri afe kuliko kuendelea kusikia anachokisikia, aamini. Watu wamejiua kwa adha hii. Msingoje tarehe iliyo kwenye kadi; mpelekeni usiku huohuo, na asiachwe peke yake njiani.