Nani Asema Kweli, Wewe au Mwenzako?



Kuna neno moja ambalo likiingia katika nyumba ya ndoa ni vigumu kulitoa. Neno lenyewe ni "mwongo". Mke asema, "Baba, nilikuambia Jumapili tukitoka Misa kwamba mama atakaa nasi mwezi mzima." Mume ajibu, "Hukusema hivyo, mama. Ulisema wiki moja." Kila mmoja ana hakika, na kila mmoja yu tayari kuapa. Na kwa kuwa kila mmoja anajua moyoni kwamba yeye hadanganyi, basi ni lazima mwenzake ndiye anayedanganya. Hapo neno lile hutamkwa, na watoto wanasikia.

Mara nyingi katika ugomvi wa namna hii hakuna mwongo hata mmoja. Wote wawili wanasema wanachokikumbuka kwa moyo safi, na hata hivyo maneno yao hayapatani. Saikolojia, yaani elimu inayochunguza akili na mwenendo wa mwanadamu, imelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Na kabla yake Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alikwisha kustaajabia kumbukumbu ya mwanadamu, na hata kujiuliza jinsi mtu anavyoweza kukumbuka kwamba amesahau. Basi tusione haya kujifunza.

Wengi wetu twadhani kumbukumbu ni kama kanda ya kinasa sauti: maneno yanaingia, yanakaa, na ukitaka kuyasikia warudisha kanda nyuma. Sivyo. Jambo hupita hatua tatu. Kwanza huingia, kisha hutunzwa, halafu hutolewa. Laweza kuharibika katika kila hatua.

Tuanze mlangoni. Mume amekaa anasikiliza taarifa ya habari ya saa moja usiku. Mke yuko jikoni, anapaza sauti: "Mwalimu mkuu anataka salio la karo kabla ya Ijumaa!" Mume aitika, "Mhm." Ijumaa ikifika ni vita. Mke asema, "Uliitika!" Ni kweli aliitika. Lakini sikio ndilo lililoitika, akili ilikuwa kwenye redio. Mtu huyu hakusahau, maana huwezi kusahau kitu ambacho hakikuingia. Kwa hiyo, mama, usimweleze mwenzako jambo zito akiwa amezama katika simu yake. Nawe baba, usimtupie mkeo habari za shamba akiwa ameinama anawasha jiko huku mtoto analia mgongoni. Muite, ngoja akutazame, ndipo useme. Kisha mwombe akuambie alivyosikia.

Hata yaliyoingia hukaa kwanza mahali padogo sana. Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba akili huweza kushika mambo kama saba hivi kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 mwenzake, Nelson Cowan, alionyesha kwamba ni karibu na manne tu. Tena hayakai. Mwaka 1959 Lloyd Peterson na Margaret Peterson waliwapa watu herufi tatu tu za kukumbuka, kisha wakawahesabisha tarakimu kwa kurudi nyuma ili wasiweze kuzirudia moyoni. Baada ya sekunde 18 wengi hawakuzikumbuka tena. Sasa wewe mama wamtuma mzee dukani alete unga, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, majani ya chai, kiberiti na dawa ya kichwa, naye langoni anakutana na jirani mwenye habari za mechi ya jana. Akirudi bila kiberiti, usiseme hakujali. Mpe karatasi.

Kuhusu kutunza, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kazi kiasi gani itamlazimu kuifanya upya ili azijue tena. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake ya kwanza ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Baada ya mwezi, kama sehemu moja katika tano. Yaani kusahau hukimbia mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Aligundua pia kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kwafaa kuliko kurudia mara nyingi kwa siku moja. Sisi makatekista twalijua hili kutokana na watoto wa Komunyo ya Kwanza: sala iliyokaririwa Jumamosi moja tu haifiki Jumamosi ya pili. Mapatano ya nyumbani nayo ni hivyo hivyo. Mliyopatana Januari kuhusu fedha, yarudieni Februari.

Hatua ya tatu, ile ya kutoa, ndiyo yenye hatari kubwa kwa wenye ndoa. Mwingereza Frederic Bartlett alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1932 jinsi alivyowapa wasomaji wake wa Kiingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena na tena kwa nyakati mbalimbali. Hadithi ilizidi kufupika, mambo ya ajabu yakatupwa, na mitumbwi ikageuka kuwa mashua za kawaida. Hawakukusudia kudanganya. Kila walipokumbuka, walijenga upya kwa matofali waliyoyazoea.

Zaidi ya hayo, neno moja tu la anayeuliza laweza kubadili kumbukumbu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yakigongana. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana". Wengine waliulizwa kwa neno kali zaidi, kama kusema "yalipopondana", nao wakataja mwendo mkubwa zaidi. Baada ya wiki moja wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika wanafunzi 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema ndiyo. Katika 50 wa neno la kawaida, 7. Katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika.

Hebu ufikirie mke anayeulizwa na dada yake, "Siku ile alipokutukana mbele za watu, ulijisikiaje?" Labda mume hakutukana, alijibu kwa ukali tu. Lakini swali likirudiwa mara tatu, tusi limekwisha kuingia katika kumbukumbu. Wanaume nao wanayo maskani yao ya kupikia maneno kama hayo, wala tusijifanye hatuijui. Hasira pia huchagua. Mtu mwenye uchungu hukumbuka upesi mambo machungu, na ndiyo maana ugomvi ulioanza na chumvi kwenye mboga hufika kwenye mahari iliyolipwa miaka ishirini iliyopita.

Utafiti unaonigusa kuliko yote ni wa Kanada. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza waume na wake wa ndoa 37, kila mmoja kwa upande wake, yeye hufanya sehemu gani ya kazi mbalimbali za nyumbani. Walipojumlisha majibu ya mume na ya mke, katika kazi nyingi jumla ilipita kazi yenyewe! Tena haikuwa kujisifu tu, maana hata katika mambo mabaya, kama kuanzisha ugomvi, watu walielekea kujihesabia zaidi. Sababu kubwa ni kwamba uchovu wako waujua kwa mwili wako, na uchovu wa mwenzako wauona kwa mbali. Aliyeamka saa tisa usiku kumpoza mtoto homa anakumbuka. Aliyelala hana cha kukumbuka.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito. Asitokee mtu akayachukua mafundisho haya kumnyamazisha mwenzake. Ukimpiga mke, au ukimtukana mume kila siku, halafu useme, "Akili yako imekudanganya," hiyo si saikolojia, ni ukatili juu ya ukatili. Kumbukumbu hukosea zaidi katika maneno na vijambo vidogo vidogo. Aliyeumizwa anajua kwamba ameumizwa, naye aende kwa watu wa kumsaidia: hospitali, chifu, polisi, padre wake. Pia, mwenzako mwenye umri mkubwa akianza kupotea njia aliyoizoea, au kusahau majina ya watoto, usimgombeze. Mpeleke kwa daktari.

Kwa sisi wengine, ugomvi wa kawaida ungepungua kama tungebadili sentensi moja. Badala ya "Ulisema hivi," sema, "Mimi nakumbuka hivi, wewe wakumbukaje?" Habari za fedha na tarehe ziandikwe katika daftari la nyumbani ambalo wote wawili wanalisoma. Someni pia kwa pamoja 1 Wakorintho 13:5 juu ya upendo na hesabu ya mabaya, na mwenye nafasi asome sura ya nne ya Amoris Laetitia, waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2016, ambamo anaeleza sehemu ya sura hiyo ya Mtume Paulo neno kwa neno.

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, chukueni karatasi mbili. Andikeni kazi tano: kuwaamsha watoto, kuteka maji, kutafuta karo, kuwaangalia wazazi wa pande zote mbili, kuanzisha sala ya jioni. Kila mmoja aandike, bila kuchungulia, yeye hufanya sehemu gani katika 100. Kisha jumlisheni. Jumla ikizidi 100, msibishane ni nani aliyeongeza. Mume amtajie mke kazi moja ya mke ambayo yeye hakuihesabu, na mke afanye vivyo hivyo kwa mume.