Wadogo Zangu, Acheni Kuunyanyua Mpira

Leo kona yetu inaingia kwenye uwanja wa gofu, maana maswali ya gofu yamekuwa mengi na karibu yote yana kilio kimoja. "Dada, draivu yangu siku hizi inanyooka, lakini nikibakiza yadi 50 kufika grini naaibika mbele za watu." Mwingine anasema mara fimbo inachimba ardhi na mpira unasogea hatua mbili, mara mpira unapaa chini chini kama risasi, unavuka grini na kuishia kichakani. Wa tatu anaomba nimtajie wedji ya kununua ili ugonjwa uishe.

Pesa zenu rudisheni kwenye pochi kwanza. Tuongee.

Tuelewane ni mpigo upi tunaouzungumzia. Chipu ni ule mfupi wa pembeni mwa grini: mpira unaruka kidogo, halafu unabingirika sehemu kubwa ya safari yake. Pichi ni kinyume chake. Safari kubwa iko hewani, na ukitua unabingirika kidogo tu. Kwa wengi wetu ni mpigo wa kuanzia yadi 20 hadi 70 hivi, pale ambapo wedji ukiipiga kwa nguvu zote unapitiliza. Kwa akina dada huu ndio mpigo wa kila siku. Pari 4 ikiwa ndefu, wengi hatufiki grini kwa mikwaju miwili, kwa hiyo mkwaju wa tatu ndio unaoamua kama kwenye kadi utaandika 4, 5 au ile 8 ya kuficha.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kuchimba ardhi na kuupiga mpira tumboni vinaonekana kama makosa mawili yanayopingana, ndiyo maana watu huyatibu kwa dawa mbili: leo mpira unasogezwa mbele, kesho unarudishwa nyuma, keshokutwa mtu hajui tena auweke wapi. Mdogo wangu, kosa ni moja. Unataka kuunyanyua mpira. Umeona bunka mbele yako, moyo umekwambia "uruke!", mwili ukaegemea nyuma, uzito ukabaki mguu wa kulia, na kiganja cha kulia kikajikunja kama kinachota kitu. Hapo sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wa fimbo inahamia nyuma ya mpira. Fimbo ikiigusa ardhi mahali hapo, umechimba. Ikinusurika kugusa, inafika kwenye mpira ikiwa tayari inapanda, na ukingo wake unaukuta mpira tumboni. Mizizi ya makosa yote mawili ni hiyo hiyo. (Mnaopiga kwa mkono wa kushoto, geuzeni kulia na kushoto katika kila ninachosema.)

Wedji ya mchangani ina uso uliolala kwa nyuzi 54 hadi 58. Kazi ya kuunyanyua mpira ilishamalizwa kiwandani. Kilichobaki kwako ni kuufikisha uso huo kwenye mpira bila kusita.

Tuanze na kusimama. Miguu ikaribiane, upana wa nyonga unatosha, kwa sababu hapa hatutafuti nguvu. Mguu wa kushoto ugeuze kidogo kuelekea unakopiga, ili mwili upate njia ya kuzunguka. Mpira uwe katikati ya miguu yako. Uzito uelemee kidogo mguu wa kushoto, na ubaki huko tangu mwanzo hadi mwisho. Huu si mpigo wa kuhamahama. Shika fimbo chini kidogo ya kawaida, na mshiko uwe laini. Mikono isimame karibu sawa na mpira, au mbele yake kwa upana wa kidole tu. Wapo watakaokwambia uisukume mikono mbele sana "ili upige chini". Ukifanya hivyo uso wa fimbo unasimama, ukingo mkali unatangulia, na utachimba hadi mtunza uwanja akutafute.

Halafu mwendo. Kifua na mikono vianze safari pamoja, na vifundo vya mikono vijikunje vyenyewe kwa uzito wa fimbo. Ukirudi, kifua kiendelee kuzunguka mpaka kitufe cha shati lako kitazame bendera. Hiyo ndiyo alama yangu moja kwenu. Ukimaliza mpigo, jiangalie: kama mikono imekwenda lakini kifua bado kinatazama pale mpira ulipokuwa, basi mwili ulisimama, na mwili ukisimama viganja havina budi kuchota.

Hapa lazima niseme na wale makocha wa kujitolea. Mnawajua. Mwanamke akienda uwanja wa mazoezi na ndoo yake ya mipira, kila kaka anayepita ana ushauri, na ushauri ni ule ule: "Kichwa chini, dada!" Ni kweli, mpira uutazame mpaka uupige. Lakini ukikilazimisha kichwa kibaki chini baada ya hapo, shingo inakaza, bega linakwama, na kifua hakizunguki. Annika Sörenstam wa Uswidi alikuwa akigeuza kichwa pamoja na mwili hata kabla fimbo haijamaliza kazi, na alishinda mashindano 72 ya LPGA, yakiwemo 10 makubwa, na mwaka 2001 alipiga mikwaju 59 katika raundi moja. Kaka akikukumbusha kichwa chini, mshukuru kwa adabu, kisha endelea kuzunguka.

Sasa nataka uchukue wedji yako uigeuze juu chini. Usitazame uso, tazama kitako. Mara nyingi utakuta namba mbili zimechorwa, kwa mfano 56 na 12. Ya kwanza ni ulalo wa uso. Ya pili ni baunsi, yaani kiasi ambacho sehemu ya nyuma ya kitako imeshuka chini kuliko ukingo wa mbele. Pitisha kidole hapo uone uvimbe huo. Umewekwa makusudi. Miaka ya mwanzo ya 1930 Gene Sarazen, Mmarekani, aliongeza chuma kwenye kitako cha fimbo yake ili iteleze mchangani badala ya kuzama, akaibeba hadi Uingereza na kushinda The Open ya mwaka 1932. Kitako hicho kinakusaidia hata kwenye nyasi. Ukipiga mikono ikiwa sawa na mpira, uvimbe huo ndio unaogusa ardhi, fimbo inateleza, na hata ukiwahi kidogo nyuma ya mpira unasamehewa. Sauti yake ni nzito na fupi, na nyasi zinachanika juu juu tu. Ukiisukuma mikono mbele, unautupa msamaha huo.

Lakini baunsi inataka ardhi iliyo laini. Wa Pwani mnajua, jua likiwaka wiki kadhaa ukoka unakauka na ardhi inakuwa kama sakafu. Hapo kitako kikubwa kinadunda na kuutupa ukingo kwenye tumbo la mpira, hivyo chukua fimbo yenye baunsi ndogo, namba 4 hadi 8, au piga pichi kwa wedji ya kawaida na uuache mpira ubingirike zaidi. Masika yakifika, ardhi ikilowa, rudi kwenye namba 10 na kuendelea.

Wa Limuru, Nairobi na nyanda nyingine za juu mna jambo lenu: nyasi ya kikuyu. Asili yake ni huku kwetu, milima ya Afrika Mashariki, ikasafiri hadi California, na leo uwanja wa Riviera wa Los Angeles, utakaochezewa gofu ya Olimpiki ya 2028, unajulikana kwayo. Wachezaji wa kulipwa wanaikuta kule na kuguna. Wewe unaijua tangu utotoni, lakini kuijua si kuiweza. Kwenye feawei mpira unakaa juu yake vizuri, raha tupu. Pembeni, mpira unazama katikati ya majani manene, na majani hayo yanaikamata shingo ya fimbo na kuufunga uso wake kuelekea kushoto. Kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, fungua uso wa fimbo kidogo kabla hujashika, na usisite katikati. Kikuyu haimpendi mtu anayesita.

Swali linalofuata najua: "Dada, nitajuaje nipige kwa nguvu kiasi gani?" Usibadilishe nguvu, badilisha urefu wa mwendo. Ni kama bembea: iende karibu au mbali, mapigo yake ni yale yale. Wengi wanavuta fimbo nyuma kana kwamba wanaenda yadi 100, kisha njiani wanakumbuka kuwa bendera iko yadi 40, wanapunguza kasi, na hapo viganja vinaingia tena kuchota. Afadhali uvute kidogo na umalizie kwa raha, sehemu ya mbele iwe sawa na ya nyuma au ndefu zaidi.

Jitengenezee vituo vitatu. Cha kwanza, mikono inaishia usawa wa nyonga. Cha pili, mkono wa kushoto unalala sambamba na ardhi. Cha tatu, mikono inapita kidogo juu ya usawa wa bega. Mwendo uwe mmoja katika vyote vitatu. Dave Pelz, aliyefanya kazi NASA kabla ya kuugeukia mchezo huu, aliwafundisha watu wengi kwa njia hii ya vituo. Kama una wedji tatu, vituo vitatu mara fimbo tatu ni umbali wa aina tisa ambao hauhitaji kubahatisha. Uandike kwenye kikaratasi na ukiweke kwenye mkoba. Usiulize mwenzako anafikisha yadi ngapi. Yadi zake si zako.

Kuhusu kununua: angalia kwanza fimbo ulizonazo. Seti nyingi za siku hizi zina wedji ya kawaida ya nyuzi 44 au 45, kisha mtu anaruka hadi 56. Pengo hilo ni kubwa, na fimbo ya nyuzi 50 au 51 ndiyo inayoliziba. Kanuni inakuruhusu kubeba fimbo 14, na wengi wetu tungeweza kuacha nyumbani chuma kirefu kimoja tusichokiweza. Ile ya nyuzi 60 inayowaka kwenye televisheni iacheni kwanza. Inataka kasi na usahihi, na kosa dogo linaonekana kubwa.

Mazoezi sasa. Kwanza, tahadhari na yale mazulia ya uwanja wa mazoezi. Ukiwahi nyuma ya mpira, fimbo inateleza juu ya zulia na mpira unaruka vizuri, unajisifu, halafu kwenye nyasi za kweli unaumbuka. Tafuta nyasi. Wa Mombasa, Tanga na Dar mna ufukwe bure: maji yakipwa, chora mstari kwenye mchanga mbichi, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, na pitisha fimbo bila mpira. Alama ya fimbo ianzie kwenye mstari au mbele yake, na iwe pana na ya juu juu. Ikianzia nyuma, unaegemea nyuma. Ikiwa nyembamba na ya kina, umesukuma mikono mbele. Mchanga hauna upendeleo. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza utotoni kwenye ufukwe wa Pedreña, Hispania, kwa fimbo moja tu, chuma namba 3. Mikono iliyojifunza hivyo haikuhitaji kuuliza mpira unaruka vipi.

Pili, tandika khanga kwenye nyasi umbali wa hatua 20, na lengo lako liwe mpira utue juu ya khanga, si uishie shimoni. Kisha isogeze hatua 30, kisha 40, na uanze tena. Kwenye pichi, mahali pa kutua ndipo penye mamlaka yako. Mengine ni mteremko wa grini. Nusu saa ya khanga mara mbili kwa wiki itakushushia handikapu zaidi kuliko ndoo tatu za draivu.

La mwisho ni la akili. Pichi si lazima kila mara. Kama mbele yako hakuna bunka wala maji, bingirisha. Kama bendera imejificha nyuma ya bunka, piga katikati ya grini, chukua mikwaju yako miwili ya kuingiza, nenda shimo linalofuata na amani yako. Na ukijua kituo chako cha pili kinakupa yadi 45, mkwaju wa kabla yake usiupige kwa hasira hadi ubakize 20 za mashaka. Acha 45 zako. Kedi mzoefu atakuunga mkono.

Kwa hiyo yule aliyeniuliza wedji gani anunue, jibu langu ni hili: usinunue kitu mwezi huu. Lipia saa moja kwa kocha wa klabu yako, mwambie akutazame kifua na uzito tu, kisha nenda kafanye mazoezi ya khanga. Mwezi ukiisha niandikie, uniambie yadi zako za vituo vitatu. Ukiwa hujazijua bado, usiniulize habari za fimbo mpya.