Usalama Baharini: Usikiache Chombo Kingali Kinaelea

Agosti 1979, mashua 303 za matanga zilitoka Uingereza katika mashindano ya klabu kuelekea mwamba wa Fastnet, kusini mwa Ireland. Dhoruba ilizikuta njiani usiku, na washindani 15 wakafariki. Mashua 24 ziliachwa na mabaharia wake. Kati ya hizo, 5 zilizama. 19 zilipatikana baadaye.

Funzo kwa wavuvi na wasafiri wetu, hasa msimu wa kusi:

1. Pata utabiri wa hali ya hewa kabla ya kung'oa nanga.
2. Vaa jaketi ya kujiokoa tangu ufuoni.
3. Upepo ukizidi, tua tanga mapema.
4. Chombo kikipinduka, kishikilie. Waokoaji hukiona chombo upesi kuliko kichwa cha mtu anayeogelea.