SOMO LA TAWI: JE, KINGA YA KUJITENGENEZEA INAFAA?

Ndugu wanachama,

Katika darasa letu la Jumamosi kijana mmoja, fundi wa kuchomelea, alileta swali ambalo mwanzoni lilituchekesha. Kaka yake anaishi Uingereza. Huko ametengeneza deraya ya maigizo, yaani vazi la vita kama la askari wa zamani, kwa sponji ngumu, gundi na rangi. Sasa anataka kuivaa katika mchezo uitwao eyasofti. Watu hugawanyika makundi mawili na kulengana kwa bunduki bandia zinazotupa gololi ndogo za plastiki. Je, deraya hiyo itastahimili?

Wengine walisema hayo ni mambo ya watu wenye nafasi, sisi tuna ajenda ya mishahara. Lakini tulipolichunguza swali tuliona kuwa ni letu pia. Nasi karakanani tunajitengenezea kinga, na kwetu si mchezo. Kwa hiyo tumeonelea vema kuandika somo hili ili matawi yote yalijadili.

1. NGUVU YA GOLOLI

Mchezo huu ulianzia Japani katika miaka ya 1970 na 1980. Gololi yake ina upana wa milimita 6, na ile ya kawaida ina uzito wa gramu 0.20 tu. Ni nyepesi kuliko punje ya mahindi. Lakini hutoka kwa mwendo wa karibu mita 100 kwa sekunde.

Wataalamu hupima nguvu ya pigo kwa kipimo kiitwacho jouli. Gololi hiyo kwa mwendo huo ina jouli 1. Ukitaka kuielewa, chukua kilo moja ya sukari, iinue sentimita 10, kisha iachie. Hiyo ni jouli 1. Sheria ya Japani ya 2006 inaweka mpaka chini kidogo ya hapo. Sheria ya Uingereza ya 2017 inaruhusu hadi jouli 2.5 kwa bunduki inayotoa gololi moja moja, na 1.3 kwa ile inayomimina mfululizo.

Mfuko wa sukari ukikuangukia pajani hutaumia, kwa sababu pigo limeenea. Gololi huweka pigo lote mahali padogo kama ncha ya penseli. Ikipiga mkono huacha alama nyekundu. Ikipiga jicho inaweza kupofusha.

2. KIFUA NA MABEGA: INAWEZEKANA

Sponji ambayo watengenezaji wa deraya huipenda huitwa EVA. Msiione ngeni. Ndiyo inayotengenezwa ndala nyingi mnazovaa nyumbani. Hukatwa vipande vya unene wa milimita 5 hadi 10, hupashwa moto ili ipinde, huunganishwa kwa gundi ya viatu, kisha hupakwa rangi.

Piga ndala kwa kijiwe: hubonyea kidogo kisha hurudi. Ndiyo sababu sponji hii hupokea gololi bila kutoboka. Kinachoharibika kwanza ni rangi, ambayo hubanduka. Kisha viungo huachia, kwa maana mchezaji hukimbia, huchuchumaa na hutambaa, na vazi la maigizo lilitengenezwa kwa ajili ya kusimama na kutazamwa. Mikanda na vifungo navyo hukatika. Kwa hiyo dawa yake ni kushona mikanda badala ya kuibandika, na kuacha nafasi kwenye viwiko na magoti.

Hatari iko kwenye vitu vigumu vinavyovunjika. Plastiki nyembamba isiyopinda hupasuka na kuacha kingo kali kama kigae. Tukumbuke hapa: ugumu si uimara. Kitu laini kinachonywea pigo chaweza kukulinda kuliko kitu kigumu kinachovunjika usoni pako.

3. USO NA MACHO: HAPANA

Hapa jibu letu kwa yule kaka ni moja tu. Asijitengenezee kinga ya macho. Kioo cha kawaida hakifai. Plastiki ya akriliki, ambayo hung'aa vizuri na kuuzwa kwa bei nafuu, hupasuka inapopigwa. Polikaboneti ndiyo inayostahimili, nayo ni lazima iwe na unene wa kutosha na fremu isiyochomoka. Wavu wa waya huzuia gololi nzima, lakini gololi inayovunjika hupitisha vipande vyake kwenye matundu.

Ipo hatari nyingine. Kofia ya kujitengenezea mara nyingi haina njia ya hewa. Mvaaji hutoka jasho, kioo huingia ukungu, haoni, na mwisho huinua kinga ili afute. Gololi haimngojei.

Basi afanye hivi: anunue miwani iliyopimwa, inayoziba pande zote, kisha aijenge kofia yake kuizunguka miwani hiyo. Vazi lifuate miwani, si miwani ifuate vazi.

Sikilizeni sasa jambo lililotugusa. Viwanja vya mchezo huo vinavyoendeshwa vizuri havimruhusu mtu kuingia bila miwani iliyopimwa. Mwenye kiwanja humsimamisha mlangoni, hata kama amekwisha kulipa kiingilio. Tukaulizana: ni karakana ngapi za kwetu zinazomsimamisha mtu mlangoni kwa sababu hana miwani?

4. KOSA TULILOLIFANYA SISI

Miaka michache iliyopita, katika karakana moja ambayo hatutaitaja, wanachama wetu walichoka kuomba miwani. Wakakata chupa kubwa za soda, wakazifunga kwa mpira kichwani, wakapata kinga ya uso. Tulipotembelea tawi hilo tuliwasifu. Tulisema mbele ya mkutano kwamba huo ndio moyo wa kujitegemea.

Mwezi uliofuata tulipopeleka madai ya vifaa, tajiri alitujibu, "Mbona watu wenu wanavyo tayari?" Chupa zile zilikuwa zimegeuka kuwa akiba yake. Tukarudi bila kitu.

Kisha jiwe la grenda likapasuka. Kipande kimoja kilipita kwenye chupa kama kidole kinavyopita kwenye karatasi. Mwenzetu alipoteza jicho la kushoto. Alikuwa na watoto wanne, naye alikuwa ndiye fundi aliyewafundisha wengine kukata chupa. Baada ya hapo miwani ilinunuliwa kwa wote katika wiki mbili. Hatujisifu kwa ushindi huo. Ulilipiwa kwa jicho, na sehemu ya lawama ni yetu.

5. HESABU YA GRENDA

Tufanye hesabu ambayo tungeifanya mapema. Jiwe la grenda ndogo lina upana wa milimita 115. Likizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake huenda mita 66 kwa sekunde. Kipande cha gramu 1 kikichomoka kwa mwendo huo kina jouli 2 na zaidi, mara mbili ya gololi ya Japani. Kipande cha gramu 10 kina jouli zaidi ya 20. Nacho si cha mviringo, kina ncha.

Sasa tazameni alama. Katika kanuni ya Ulaya iitwayo EN 166, ambayo alama zake bado zimo katika miwani mingi, kinga hupigwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6. Herufi F maana yake imestahimili mita 45 kwa sekunde, karibu jouli 0.9. Herufi B ni mita 120, jouli 6. Herufi A ni mita 190, jouli 15, na hupatikana kwenye ngao ya uso tu. Kwa kanuni ya Marekani tafuteni Z87+.

Kwa hiyo miwani ya F hufaa kwa cheche na chembe ndogo. Kwa grenda, vaeni miwani na juu yake ngao ya uso. Tena, hata ngao ya A haishindi kila kipande. Kinga ya kwanza ni kifuniko cha mashine, ambacho wengi wetu hukifungua ili kazi iende haraka. Kirudisheni. Jiwe lililoanguka chini au lenye ufa litupwe. Jiwe lisifungwe kwenye grenda yenye mwendo mkubwa kuliko ule ulioandikwa juu yake. Miwani ya jua si kinga ya kazi, hata ikiwa nyeusi namna gani.

6. NANI ALIPE?

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unasema katika kifungu cha 16 kwamba mwajiri atoe mavazi na vifaa vya kinga panapohitajika. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo. Tangu 2022 mkataba huu umo katika mikataba ya msingi ya shirika hilo. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 nayo inamwekea mwajiri wajibu wa kutoa vifaa vya kinga.

Hatusemi mafundi waache ubunifu. Atengenezaye deraya ya maigizo na atengeneze, tutamshangilia jukwaani. Lakini kinga ya kazini ikitengenezwa na mfanyakazi kwa chupa na mpira, ni ushahidi wa deni ambalo mwajiri hajalipa. Katibu wa tawi aiandike hivyo, aichukue kwa mkono wake, na aiweke juu ya meza siku ya mazungumzo.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika karakana yenu, ni watu wangapi wanatumia kinga waliyoitengeneza wenyewe? Waandikeni idadi yao.

2. Someni alama zilizo kwenye miwani mliyo nayo. Je, ina F, B, A au Z87+? Isiyo na alama yoyote mmeipata wapi?

3. Ni grenda ngapi hazina kifuniko, na nani alikiondoa, mwajiri au sisi?

4. Mwanachama akikataa kushika grenda isiyo na kifuniko kisha akafukuzwa, tawi litafanya nini siku hiyo hiyo?

Majibu yaletwe kwa maandishi katika mkutano ujao wa matawi. Yule kijana tumempa jibu la kumpelekea kaka yake. Majibu yenu wenyewe tunayangoja.

Umoja ni nguvu.