LESENI YA MFUMO WA KOMPYUTA: KATIBU AULIZE NINI KABLA YA KULIPA

Katibu apelekapo kompyuta ya chama kwa fundi, mara nyingi hurudi na stakabadhi iliyoandikwa “kuweka Windows” na kiasi cha fedha. Mwanachama mwenye mtoto chuoni hulipa vivyo hivyo. Yafaa ijulikane fedha hizo zimenunua nini.

Windows ni mfumo endeshi, yaani programu inayoiamsha kompyuta na kuzitawala programu nyingine zote. Anayeilipia hainunui programu yenyewe, bali leseni, ambayo ni ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani kwa kawaida hufungamana na mashine hiyo. Iliyonunuliwa peke yake dukani ni ghali zaidi, lakini yaweza kuondolewa katika mashine iliyochakaa na kutiwa katika nyingine.

Hapa ndipo fedha za vyama hupotea. Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8, ya mwaka 2012, au matoleo yaliyofuata, zina namba ya leseni iliyohifadhiwa ndani ya mashine. Hata diski ikifutwa, toleo lile lile likiwekwa upya huitambua leseni yake. Katibu alipe ufundi tu. Aidha, kupanda kutoka Windows 10 hadi 11 hakulipiwi, mradi mashine itimize masharti, likiwemo la kuwa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine nyingi za zamani hazina kifaa hicho, na matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwanafunzi na aulize chuoni kwanza, kwani vyuo kadhaa vina mikataba inayowapatia wanafunzi leseni bila malipo. Leseni hiyo ni ya masomo. Haifai kuandikia hesabu za mazao ya chama.

Zipo namba za leseni zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Baadhi zimemegwa kutoka leseni za makampuni kinyume cha mkataba, na zaweza kuzimwa wakati wowote. Programu za kuvunja leseni ni mbaya zaidi: aziwekaye humfungulia mtu asiyemjua mashine yenye daftari la wanachama na madeni yao.

Kwa mashine kuukuu ipo njia ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Leseni yake, GPL, yaruhusu kutumia, kunakili na kugawa. Flashi moja ya Ubuntu au Linux Mint yaweza kuhudumia vyama kumi kihalali. Matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu hutengenezwa bure kwa miaka 5. Barua na majedwali huandikwa kwa LibreOffice, nayo haina malipo. Tatizo ni kwamba programu ya hesabu iliyotungwa kwa ajili ya Windows huenda isifanye kazi humo, na karani atahitaji siku kadhaa za kujifunza. Kwa hiyo Linux ijaribiwe kwanza kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, pamoja na printa ya chama.

Maswali ya kikundi:

1. Kompyuta ya chama ilikuja na leseni ipi, na stakabadhi yake iko wapi?

2. Je, fundi amewahi kulipwa leseni ambayo tayari ilikuwamo?

3. Ni kazi zipi za chama zisizoweza kufanyika bila Windows?